Saintpaulia

Saintpaulia (Streptocarpus ionanthus) ni mmea mdogo wa maua wa familia ya Gesneriaceae. Kiasili hupatikana kaskazini-mashariki mwa Tanzania, hasa Milima ya Usambara na maeneo ya Tanga, na kusini-mashariki mwa Kenya.

Maelezo

Majani yake manene yana vinyweleo laini na hutandaa kwa duara karibu na ardhi. Ua lina petali tano za zambarau au buluu, na katikati vifuko viwili vya chavua vya manjano. Humea kivulini msituni, kwenye nyufa za miamba yenye unyevu.

Historia

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893. Leo aina zilizozalishwa kutokana nao huuzwa vyunguni duniani kote.

Uhifadhi

Msitu ukifyekwa kwa mashamba, mbao au kuni, jua hukausha miamba na mmea hufa. Baadhi ya makazi yake yamo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki. Jani moja huotesha mche mpya, lakini utofauti wa mimea ya mwituni ukipotea haurudishwi na bustani yoyote.