Moto wa Mann Gulch na Lugha ya Wazima Moto

Tarehe 5 Agosti mwaka 1949, wazima moto 15 waliruka kwa miavuli katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, ambako mlinzi mmoja wa msitu alikuwa tayari akipambana na moto uliosababishwa na radi. Jioni moto ulivuka bonde, ukashika nyasi kavu na kuwafukuza mlimani.

Kiongozi wao, Wag Dodge, alichoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akalala juu ya majivu, mahali ambapo moto mkubwa haungekuta cha kuteketeza. Aliwaita wenzake. Hakuna aliyemfuata. Mbinu hiyo haikuwamo katika mafunzo yao, wala hawakuwa na jina lake. Na nani angeamini, katika dakika kama ile, kwamba moto ndio kimbilio?

Watu 13 walikufa. Dodge alinusurika, pamoja na vijana wawili waliopenya mwanya wa majabali.

Mwaka 1957, baada ya kuchunguzwa mioto 16 iliyoua, Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa amri 10 za kufundishia wazima moto. Mojawapo yataka maagizo yawe wazi, na anayeyatoa ahakikishe yameeleweka.