Pua ya bi harusi na hesabu za Profesa Petzval



Najua nimepotea hapa kibarazani. Mnajua wenyewe chuo kikichanganya: testi mbili kwa wiki moja, asaimenti ya kikundi ambayo wanakikundi wengine unawaona siku ya kusaini tu. Lakini leo sitalalamika. Leo nawaletea historia, maana si ndiyo nitakayokwenda kufundisha huko mbele. Ila naanzia nyumbani.

Mwaka jana nilipiga picha kwenye harusi ya binamu yangu. Kamera ya kuazima, lenzi ile inayokuja na kamera dukani, ya 18 mpaka 55. Ukumbi giza, taa za rangi zinazunguka, watu wamejaa mbele na simu zao. Katikati ya vurugu hizo nikampiga bibi yetu akiwa amekaa na bi harusi. Nikafurahi, nikaendelea na pilau.

Mwezi wa tatu bibi akafariki. Ikatafutwa picha ya kuweka kwenye fremu, na ya karibuni ilikuwa ile yangu tu. Tukaifungua kwenye kompyuta. Jamani! Pua imevimba, masikio yamekimbilia nyuma, macho yametikisika. Mama mkubwa akaitazama kimya, kisha akasema, "Huyu siye mama." Tukatumia ya kwenye kitambulisho.

Sasa Jumamosi ijayo anaolewa binti wa huyohuyo mama mkubwa, dada yangu kabisa. Na ni mama mkubwa mwenyewe aliyeiambia kamati niachiwe mimi picha. Akaniita pembeni: "Safari hii mwanangu afanane na mwanangu." Nikajibu, "Sawa, mama." Usingizi ukaisha hapohapo.

Ndipo nikaanza kusoma lenzi zilitoka wapi. Nikagundua kosa langu lina umri wa karibu miaka 190.

Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, akiwa dirishani juu. Ulikuwa mtaa wa pilikapilika, lakini kwenye picha ni mtupu. Magari ya farasi hayapo, wapita njia hawapo. Anaonekana mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Sababu ni kwamba picha ilichukua dakika kadhaa kuingia kwenye bamba, na kila aliyetembea alifutika. Aliyebaki ni aliyetulia.

Mwaka uliofuata, 1839, siri ya ufundi huo ilitangazwa hadharani, na watu wakataka kitu kimoja tu: picha za sura zao. Tatizo likawa lenzi. Zile za mwanzo zilikuwa na tundu dogo, karibu f/16 kwa lugha yetu ya leo (kumbukeni, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo). Mtu akalishwe juani dakika kadhaa bila kucheza, machozi yanamtoka. Utampigaje bi harusi hivyo?

Aliyelikata fundo ni mwalimu wa hesabu, na hapo ndipo nilipompenda. Anaitwa Joseph Petzval, alizaliwa mwaka 1807 huko ambako leo ni Slovakia, akawa profesa Chuo Kikuu cha Vienna. Mafundi wa zamani walitengeneza lenzi kwa kujaribujaribu: unasugua kioo, unatazama, unasugua tena. Petzval akakaa na karatasi akapiga hesabu kwanza. Zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, hivyo akaazimwa askari wa kikosi cha mizinga waliozoea kukokotoa. Mwaka 1840 lenzi ikawa tayari, na kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza: vioo vinne ndani ya bomba la shaba, tundu karibu f/3.6.

Chukua 16 ugawe kwa 3.6, jibu ulizidishe kwa lenyewe. Unapata karibu 20. Yaani lenzi mpya ilipitisha mwanga karibu mara 20 ya ile ya zamani. Dakika zikageuka sekunde, na mtu akaweza kukaa mbele ya kamera akapona.

Lakini tazameni jambo la pili, ambalo ndilo lililoniponza mimi. Petzval hakupata mwanga kwa kumsogelea mtu. Lenzi yake ilikuwa ndefu, kwa hiyo mpiga picha alisimama mbali kidogo na sura bado ikajaa. Mwanga na umbali, vyote viwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo lenzi ya sura, tangu 1840 mpaka leo.

Mimi nilifanya nini ukumbini? Lenzi yangu ukiizungusha hadi 55 tundu hujifunga, inakuwa f/5.6. Ukirudi 18 linafunguka hadi f/3.5. Nikaona giza, nikarudi 18, kisha ili bibi aonekane mkubwa nikamsogelea kama sentimita 40. Nilinunua mwanga kwa kuuza umbali. Na umbali ndio unaoamua pua! Chukulia pua iko sentimita 10 mbele ya masikio. Kwa sentimita 40, hizo 10 ni robo ya safari nzima, lazima pua ivimbe. Kwa mita 2 ni sehemu moja ya 20, na pua inarudi kwa mwenyewe. Lenzi haikumkosea bibi, niliyekosea ni mimi niliyesimama pabaya.

Na mwanga wenyewe haukutosha, ndiyo maana macho yalitikisika. Hapo nina mwenzangu mkubwa. Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye gauni lake jeupe la mwaka 1840 lilisaidia sana kueneza mtindo wa bi harusi kuvaa nyeupe, hakupigwa picha siku ya harusi yake. Zile anazoonekana na mumewe, zilizopigwa mwaka 1854, watu huzisambaza kama za harusi, ila si za harusi. Tarehe 25 Januari 1858, binti yake alipoolewa, walipigwa picha pamoja kabla ya kwenda kanisani. Binti ametoka vizuri, baba ametoka vizuri, mama mtu sura imefutika! Alikuwa akitetemeka. Mama wa bi harusi ni mama wa bi harusi tu, hata akiwa malkia.

Huku kwetu wazee walitatua shida hii kwa studio. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar. Kwenye studio, kiti kina mahali pake na kamera ina mahali pake. Umbali umeshapangwa na mwanga umeshapangwa. Ukumbini hakuna cha kupangwa, kila shangazi ana simu yake. Kwa hiyo kazi ya studio inabidi ifanywe na lenzi, na miguu yako.

Basi nikakaa na boom langu nikapiga hesabu kama wale askari wa mizinga. Lenzi ya 85 ni tamu, lakini kwenye kamera hizi zetu za sensa ndogo inakuwa kama 136, na chumba anachovalishwa dada kina kitanda, kabati na wanawake sita. Nitasimama wapi, dirishani kama Daguerre? Nikachagua 50 ya f/1.8, ile ya bei ya chini. Kwa kamera ya Canon unazidisha kwa 1.6, unapata 80, ndiyo urefu wa sura hasa. Na f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ile 55 yangu ya f/5.6. Nimeipata Kariakoo, imetumika, ina mkwaruzo kwenye ganda, vioo safi. Boom limebaki la maharage, msiniulize.

Nimeshaifanyia mazoezi kwa rum-meti wangu, kajifunga shuka jeupe kichwani. Niliyojifunza: kwa f/1.8 jicho moja linakaa sawa na la pili linayeyuka, kwa hiyo bi harusi akiwa peke yake nitaweka kama f/2.8 na kulenga jicho lililo karibu. Nisikae karibu kuliko mita moja na nusu. Na picha ya ukoo mzima sitatumia tundu kubwa. Hata lenzi ya Petzval ilikuwa kali katikati na pembeni inavuruga, haikufaa kwa kundi. Ukoo utapigwa nje kabla jua halijazama, kwa ile lenzi yangu ya zamani.

Petzval mwenyewe hakufaidi sana. Alilipwa mara moja, kampuni ikaendelea kuuza, wakagombana vibaya. Alifariki Vienna mwaka 1891. Lakini sura za watu zilibaki.

Ya bibi haiwezi kurudiwa. Ila Jumamosi, kabla ya msafara kuondoka, nitamweka mama mkubwa karibu na dirisha, nisimame mbali, nimpige peke yake. Hajui bado. Msimwambie.

Wenye uzoefu wa kumbi zenye taa za rangi, nishaurini mapema. Nikirudi nitawasimulia. Tukutane baada ya harusi, wadau, na testi ya Jumatatu Mungu atusaidie.