Besi Lisilo na Jina

Katika miaka niliyofundisha historia, kabla sijakabidhiwa ofisi na rundo la funguo za ukuu wa skuli, kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu kwamba hati huweza kusema uongo, na kwamba kitu kisichosema neno huweza kuwa shahidi bora zaidi. Nililisema jambo hilo kwa ufasaha mkubwa. Mwaka 1987 nikavuka bahari kwenda Dar es Salaam kukinunulia kikundi chetu cha taarabu besi la kusimama. Nikachungulia ndani yake kwa tundu, nikaona karatasi yenye jina la Stradivarius, nikasahau yote niliyoyafundisha.

Msomaji asinidhanie ujinga zaidi ya niliokuwa nao. Nilijua kwamba fundi yule wa Cremona alifariki 1737, na kwamba karatasi za jina lake zilipigwa chapa kwa maelfu na kubandikwa ndani ya fidla za bei rahisi, kama nembo tu. Lakini nilijiambia kuwa aliyethubutu kubandika jina kubwa hivyo lazima alikuwa na kazi ya kujivunia. Masika ya kwanza yalipoingia, shingo ya besi lile ilichomoka kiungoni, arusini, katika wimbo wa pili. Aliyekuwa amelishika alibaki na shingo mkononi kama mtu aliyenyang'anywa kuku akaachiwa kichwa. Fedha zile zilikuwa mchango wa wanachama wa miaka miwili. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo.

Mpigaji yule alikwenda kwao, akaja na besi lake mwenyewe, akalipiga kwa miaka 30 iliyofuata bila ya kukidai kikundi hata senti moja. Alipofariki mwaka 2017 besi lilibaki chumbani kwake Ng'ambo, limefunikwa shuka. Mwaka uliofuata mjane wake alituma salamu kuwa anataka kuliuza. Kikundi kikaamua nipelekwe mimi kulitazama, pamoja na mshika fedha wetu, kijana hodari wa hesabu. Kwa nini mimi, baada ya yale ya 1987? Nafikiri walijua kuwa aliyeumwa na nyoka hata ung'ongo huukagua.

Kabla ya kuingia chumbani inafaa nieleze besi la kusimama limefikaje katika taarabu yetu. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ile ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Lakini zama hizo besi halikuwapo, wala Misri kwenyewe halikuwa na kiti. Taarabu ya Kimisri ya zamani ilikuwa ya watu wachache: udi, ganuni, nai, fidla moja na rika. Ni baina ya vita vikuu viwili ndipo kundi lile dogo lilipotanuka likawa okestra nzima, lenye safu za fidla na nyuma yake vyombo vya sauti nzito. Muhammad Abdel Wahab alikuwa mmoja wa waliolipeleka mbele, na katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 wataalamu walibishana kama vyombo vya Ulaya viruhusiwe au vikataliwe. Sinema, sahani za santuri na redio hazikungoja uamuzi. Sisi huku tulizisikia okestra hizo za filamu, tukazitaka.

Sasa, hilo besi la marehemu lilikuwa na hadithi mbili zinazopingana. Mjane alishikilia kwamba lilitoka Misri, lilikuja na ami yake marehemu kabla ya Mapinduzi. Mshika fedha alikuwa amesikia kwa wazee wengine kwamba lililetwa na Wajerumani wa Mashariki waliokuja baada ya 1964, wale waliotujengea majumba ya Kilimani, kwa hiyo ni mali ya kiwandani tu, na bei yake iwe ya kiwandani. Kila hadithi ilikuwa na bei ndani yake. Hapo nikatambua kwamba sikuja kununua tu, nimekuja pia kusomesha somo langu la zamani, na safari hii kwa vitendo.

Tulilitoa uani, penye mwanga. Halikuwa na karatasi, muhuri wala chapa. Mshika fedha akanitazama kana kwamba kesi imekwisha. Mimi nilifurahi, kwani halikuwa na kitu cha kunipofusha.

Kwanza nilitazama ukingo wa tundu lenye umbo la herufi f. Hapo mbao imekatwa, na mbao iliyokatwa haiwezi kuficha siri. Kama ni plaiwudi, utaona matabaka yamelaliana. Kama ni ubao mzima, ile mistari ya mti unayoiona usoni itateremka ndani ya unene wake bila kukatika. Wapo wanaoipaka rangi plaiwudi ikaonekana kama mti wenye mistari, lakini rangi huishia ukingoni. Besi hili mistari yake iliteremka. Uso ulikuwa wa ubao mzima wa mti wa jamii ya msonobari, umechongwa ukabinuka. Mgongo ulikuwa bapa, na ndani yake umekingamishwa vipande vya kuupa nguvu.

Nisieleweke vibaya. Plaiwudi si tusi. Kiwanda cha Kay kule Chicago kilitengeneza mabesi mengi ya namna hiyo, na wapigaji wakubwa wa jazi waliyapenda kwa uimara. Katika kisiwa chetu chenye unyevu, plaiwudi husamehe makosa mengi ambayo ubao mzima hausamehi. Nilichotaka kujua ni kama tunanunua punda au farasi, tusije tukamlisha mmoja chakula cha mwingine.

Kisha nikaangalia shingo, na msomaji anajua kwa nini. Niliushika mwili kwa mkono mmoja, nikaisukuma shingo mbele na nyuma polepole, jicho langu likiwa kwenye kiungo. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, wa zamani, umejaa vumbi jeusi, wala haukufunguka. Ufa mpya huwa mweupe. Niliufuta ubao wa vidole kwa kitambaa chenye maji. Rangi nyeusi haikutoka, dalili kwamba huenda ulikuwa mti mweusi kweli. Nikagonga ukingo wote kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi. Chini mgongoni, kiasi cha shubiri moja, sauti ilikauka: gundi imeachia.

Mshika fedha aliposikia kuwa kuna mahali pameachia alitabasamu na kusema, "Maalim, hapo bei inashuka." Ikanibidi nimweleze kwamba hiyo ni dalili njema. Vyombo hivi huunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, inayolainika kwa joto na unyevu. Hali ya hewa ikibadilika mti hutaka kujinyoosha. Kiungo kikiachia, mti husalimika. Aliyetumia gundi kali ya seremala anakishinda kiungo lakini anaupasua ubao. Kule kuachia kulinionyesha kuwa, mahali pale angalau, hakuna fundi mwenye haraka aliyepapitia.

Uso ulikuwa na ufa mmoja mrefu, lakini haukupita juu ya ile nguzo ndogo inayosimama ndani bila gundi, imebanwa baina ya uso na mgongo karibu na mguu wa daraja. Waitaliano huiita roho. Ufa juu ya roho ni maradhi ya hatari. Huu wa kwetu ulikuwa kovu. Matundu ya fukusi yalikuwapo karibu na kitako. Nilitandaza gazeti, nikalipigapiga besi kiganja, tukangoja. Haukuanguka unga mpya.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka besi lile kwa miaka 30, na fidla yangu begani, na masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuwa rafiki zake. Rafiki hatolewi ushahidi.

Mwisho nikamwomba mjukuu wa nyumba ile kioo cha kunyolea na kurunzi. Nikaviingiza kwa tundu la f na kuusoma mgongo kwa ndani. Hapo, juu ya moja ya vile vipande vya kukingamisha, paliandikwa kwa penseli, kwa hati za Kiarabu. Kwenye kioo maandishi yalikuwa kinyume, ikanichukua muda. Yalisema kwamba limetengenezwa Misri, 1938. Neno lenyewe lilikuwa la kutengeneza kilichoharibika, si la kuunda kipya.

Basi kabla ya 1938 lilikuwa limekwisha zeeka kiasi cha kuhitaji fundi. Wajerumani wa 1964 hawakulileta. Lakini kazi yake, ule mgongo bapa na namna pembe zilivyoungwa, ilifanana na kazi ya Saksonia, upande wa Markneukirchen, ambako mafundi wa fidla waliunda chama chao mwaka 1677. Huko kazi iligawanywa majumbani: nyumba hii ilichonga shingo, ile miili, na wafanyabiashara wakakusanya na kusafirisha duniani kote. Chombo kilichopita mikono mingi hivyo kingebeba jina la nani? Muuzaji alibandika lake, au la Stradivarius, au hakubandika kitu. Kwa hiyo, kwa kadiri ninavyoona, mjane alisema kweli, na wazee wa mshika fedha pia walikuwa na chembe ya kweli. Lilikuwa la Kijerumani, na lilitoka Misri.

Mjane alikuwa ametaka shilingi 800,000. Mkobani mwetu mlikuwa na milioni moja na laki mbili. Mshika fedha alinivuta kando, akaninong'oneza, "Maalim, tia kufuli mdomoni. Bi mkubwa ameridhika mwenyewe." Sikuweza kumdharau, fedha zile zilikuwa za watu, na mimi ndiye niliyewahi kuzitupa.

Tuliporudi barazani mjane akatumiminia chai, akaniuliza, "Haya Maalim, lina nini?"

Nikamwambia lote, pamoja na ufa, na fukusi, na 1938. Nikamwambia kwamba hata besi jipya la plaiwudi, kwa bei na nauli ya meli, lisingetushukia chini ya milioni mbili, na kwamba hili ni bora kuliko hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Marehemu aliniusia: akija yule aliyenunua lile la jina, msikilize, ameshalipa ada yake."

Tulikubaliana milioni mbili, laki nane zilizobaki zilipwe kwa mafungu manne. Mshika fedha hakunisemesha njia nzima, na hakunisemesha tena mpaka fungu la mwisho lilipolipwa, Shaabani, siku chache kabla taarabu hazijasimama kwa ajili ya Ramadhani.

Seremala alipopasha gundi moto na kukifunga kile kiungo, mjane alikuja na ombi. Alitaka itiwe karatasi ndani, yenye jina la marehemu na miaka aliyolipiga. Sikuwa na uso wa kukataa. Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, akanipa niibandike. Niliisoma, nikamrudishia kalamu. Mwaka wa kwanza aliuandika ulikuwa ule wa arusi yao.