Gari la Mjomba na Historia ya Ngazi

Historia ya usafiri katika nchi yetu imeandikwa kwa kuhesabu maili za reli, idadi ya mabasi na viwango vya nauli. Ni nadra mwandishi kuuliza ngazi ya chombo ilikuwa na kimo gani, mlango wake ulifungukia upande upi, na abiria alipewa muda gani wa kuketi kabla chombo hakijaondoka. Maswali hayo huonekana madogo mpaka siku ukoo unapokaa kikao kumtafutia mzee wao gari. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba kila sera ya uchukuzi ilimfikiria abiria wa aina fulani, na kwamba abiria huyo, karibu nyakati zote, alikuwa mtu mwenye magoti mazima.

Kikao cha kwetu kilifanyika Vihingo, kule Kisarawe kunakopakana na Kibaha. Mjomba wangu ana umri wa miaka 81. Hana maradhi makubwa ya kutajika ila presha, lakini magoti na nyonga zimemchosha, na kila mwezi hana budi kufika hospitali ya Tumbi. Kwetu Wazaramo mjomba si mtu wa kuachiwa watoto wake peke yao. Wapwa tunalo fungu letu katika matunzo yake, nasi tukachanga. Waliotaka HiAce walisema gari litajilipa: siku ambazo mzee haendi kliniki litapiga ruti ya Mlandizi. Waliotaka Noah walijibu kwamba HiAce yenyewe mzee haipandi. Nikaambiwa, kwa kuwa nimesoma, nitoe maelezo. Maelezo yangu yalikuwa marefu kuliko walivyotarajia.

Niliwakumbusha kwanza kwamba eneo hili halikuwa pembeni mwa historia ya uchukuzi. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Lakini reli haikuja kuwafuata watu. Watu ndio waliotakiwa kuifuata stesheni. Asiyeweza kutembea saa mbili au tatu porini alibaki nyumbani, na hakuna daftari lililoandika jina lake.

Baada ya Uhuru na Azimio la Arusha usafiri ulitazamwa kama huduma ya umma. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA likabeba abiria wa jiji, KAMATA likabeba wa mikoani. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba wazo lile lilikuwa sahihi, kwa sababu basi la umma lina mwenyewe wa kuulizwa. Ila wazo sahihi linahitaji vipuri. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na fedha za kigeni zikakauka. Mabasi yakalala karakana. Kijana aliweza kudandia mlangoni au kuingilia dirishani. Mzee alisubiri basi la pili, kisha la tatu, kisha akarudi zake nyumbani.

Vijana wa leo hushangaa nikiwaeleza kwamba swali la gari gani lamfaa babu lisingeulizwa kabisa zama zile. Kuagiza gari kulihitaji kibali na fedha za kigeni ambazo mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kuzipata, na hata waliokuwa na magari binafsi walizuiwa kuyaendesha Jumapili alasiri ili kubana matumizi ya mafuta. Uchaguzi wa gari ni jambo jipya mno katika maisha yetu, nao ulikuja baada ya huduma ya umma kushindwa. Mambo hayo mawili ni mapacha, na makosa huanza pale tunapolisherehekea moja na kulisahau la pili.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata watu waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi. Ndipo zilipoenea daladala, zilizopewa jina kutokana na sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala. Tukapanda chai maharage, magari yaliyochongewa mabenchi nyuma, abiria wakitazamana kama wapo msibani. Kisha zikaja HiAce, ambazo Dar es Salaam tuliziita vipanya.

Juu ya HiAce nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nusu ya kikao iliitaka. HiAce nyingi zilizotufikia zilitengenezwa Japani kubeba mizigo, siyo watu. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, sakafu imepanda juu, na viti vya nyuma vilifungwa na mafundi wetu kwa kubana nafasi. Abiria huinama na kujipinda, kisha hupita juu ya kiti cha kukunja. Juu ya umbo hilo kukawekwa mfumo wa hesabu: dereva na konda humpelekea tajiri kiasi kilichokatwa kila siku, nao hula kinachobaki. Mtafiti Matteo Rizzo ameichambua ajira hiyo kwa kina katika kitabu chake kuhusu daladala za Dar es Salaam. Mimi naongeza jambo moja tu. Katika hesabu ile, dakika tatu za mzee kupanda ngazi ni fedha inayotoka mfukoni mwa konda. Anayempigia kelele mzee afanye haraka huenda kalelewa vizuri sana kwao, lakini mkataba wake haumruhusu adabu hiyo. Kwa hiyo hoja kwamba gari la mjomba lijilipe kwa ruti ilikuwa na maana moja: likianza kuleta hesabu, mjomba atageuka kuwa hasara ndani ya gari lake mwenyewe.

Bodaboda, zilizowekewa kanuni za leseni mwaka 2010, zimefika hata vitongoji ambako HiAce haitii tairi. Nazishukuru. Lakini mzee mwenye nyonga mbovu hawezi kutanua miguu juu ya pikipiki, na akiweza kwenda hajui atarudi vipi.

Basi tukaja kwenye Noah. Toyota ililitoa gari hilo mwaka 1996 likiitwa LiteAce Noah na TownAce Noah. Toleo lile bado lilikuwa na asili ya gari la mizigo: injini chini ya viti vya mbele, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, sakafu ya juu, na mlango wa kuteleza upande wa kushoto pekee. Novemba 2001 likatoka toleo la pili, na hapo kukawa na mabadiliko ambayo wauzaji wetu hawayasemi kwa sababu hawaulizwi. Injini ilihamia mbele, gari likavutwa na magurudumu ya mbele, sakafu ikashuka, milango ya kuteleza ikawa pande zote mbili. Kwa mtu mwenye miaka thelathini tofauti hiyo ni ya kimo cha kiganja. Kwa mjomba ni tofauti ya kupanda mwenyewe na kubebwa kama gunia mbele ya wakwe.

Kwa nini magari haya yalitujia kwa wingi? Japani ina utaratibu wa ukaguzi wa lazima, gari jipya baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, nao hulifanya gari kukuu kuwa mzigo kwa mwenyewe. Wao huendesha upande wa kushoto wa barabara. Nasi pia, kwa urithi wa Waingereza. Mlango uliobuniwa kumshusha mtoto wa Nagoya kando ya barabara humshusha mzee wa Kisarawe kando ya barabara. Wenzetu wa Goma, ambao nchi yao huendesha kulia, hununua magari hayohayo, na abiria wao hushukia katikati ya barabara.

Kuna sura nyingine ya historia hii iliyoanzia kwa wazee wa Japani wenyewe. Aprili 2000 nchi ile ilianzisha bima ya umma ya matunzo ya wazee. Watengenezaji wa magari walikwisha kuona kwamba taifa lao linazeeka, na Toyota inayo safu iitwayo Welcab: magari ya kawaida, Noah ikiwemo, yaliyowekewa kiti cha safu ya pili kinachogeuka, kikatoka mlangoni na kushuka kwa umeme mpaka mtu aketi bila kupanda chochote. Magari hayo nayo huzeeka, huuzwa, na baadhi hufika kwetu. Nililikuta moja katika yadi jijini. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliniona nakitazama kile kiti akadhani nimekichukia. Akanituliza: "Usijali, dokta, hicho tunakitoa bure, tunakufungia cha kawaida." Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya kiti hicho alicheka, kisha akapandisha bei.

Sikumlaumu. Amejifunza soko kwa wateja, na wateja wamejifunza kwa dola. Hebu tuitazame sheria. Gari dogo la abiria hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: asilimia 5 ikizidi sentimita za ujazo 1000 bila kupita 2000, asilimia 10 ikizidi hapo. Noah tuliyoitazama ina 1998, imepita chupuchupu. Alphard ya lita 2.4, ambayo binamu mmoja aliitamani kwa sababu zisizomhusu mjomba, haipiti. Tena gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Sababu yake naielewa, nayo ni ya haki: hatutaki nchi iwe jalala la vyuma vya wenzetu, na Kenya imekwenda mbali zaidi kwa kuzuia kabisa magari yaliyopita miaka minane. Lakini matoleo ambayo ukoo wa wakulima na watumishi wa umma huyamudu ndiyo hasa yanayotozwa kwa uzee.

Na uzee wa binadamu je? Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linasamehe ushuru wa forodha kwa gari moja lililobuniwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu. Ni kifungu chema. Nayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Maandiko hayo mawili hayajawahi kukutana. Mjomba si mlemavu kwa cheti, wala hataki kuitwa hivyo. Ni mzee tu. Gari likizeeka, forodha hulitambua mara moja. Mtu akizeeka, hana safu yake katika fomu. Nawaandikia haya hasa ninyi mlio wizarani, kwa kuwa marekebisho ya jambo hili hayahitaji mkopo wa benki yoyote.

Wala nisiambiwe kwamba ngazi haiondoleki. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, vituo vilijengwa sakafu yake ikilingana na ya basi. Mzee wa Kimara huingia kwa hatua moja ya kawaida.

Lakini Vihingo si Kimara, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli wa uamuzi wetu. Sakafu ya chini humfaa mzee na huichukia barabara. Noah ya zamani, kwa kimo chake na magurudumu yake ya nyuma, ingejikokota katika tope la masika. Ile ya 2001 ingelala tumbo. Kila mwaka wa bajeti tunaisikia barabara ya Makofia, Mlandizi na Vikumburu ikitajwa. Tulilazimika kuchagua kati ya magoti ya mzee na makosa ya barabara. Binamu zangu wa kijijini, wanaoijua tope kuliko mimi, walitaka toleo la zamani, na hoja yao ilikuwa nzito. Mjomba alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Enyi wanangu, masika ni miezi mitatu. Magoti haya ni ya mwaka mzima."

Tulinunua lile lenye kiti, tukalipa na ushuru wa uzee wake. Masika ya mwaka huu mjomba alihamia Mlandizi kwa dada yangu wiki ya mwisho ya Machi, na gari likahama naye. Kliniki hajakosa hata moja. Kijijini kwake, kwa miezi hiyo, ilipita HiAce, siku ilipoweza kupita.