Jamaa na Fanaka

Msomaji wa Kiswahili akiyaona maneno mawili, jamaa na fanaka, yamewekwa bega kwa bega, hatashangazwa na lolote ila kukosekana kwa kiungo baina yao. Jamaa ni watu wa ukoo mmoja, au watu walioshikamana kwa jambo. Na fanaka ndiyo ile tunayotakiana kila mwaka mpya katika kadi za salamu. Lakini Jamaa Fanaka lilikuwa jina la mtu. Alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka wa 1942, akaitwa Walter Gordon. Alipokuwa akijifunza kutengeneza sinema katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kiitwacho kwa kifupi UCLA, alilivua jina hilo akajivika hili la Kiswahili, akikusudia liwe na maana ya kwamba kwa umoja tutafanikiwa. Sarufi yake ina kilema kidogo. Nia yake haina. Tena jina hilo linaeleza vizuri, kuliko alivyodhani pengine mwenyewe, jinsi wanafunzi wenzake walivyofanya kazi.

Siku zile Kiswahili kilikuwa na heshima miongoni mwa Wamarekani weusi wa mji huo. Huko ndiko Maulana Karenga alikoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka wa 1966, akaipa misingi yake saba majina ya Kiswahili, kama umoja, ujamaa, nia na imani. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi wa Agosti 1965, mtaa wa Watts, walikokaa weusi wengi maskini, ulikuwa umewaka moto. Polisi walimkamata kijana mweusi aliyekuwa akiendesha gari, watu wakakusanyika, na ghasia zilizozuka zikaendelea kwa siku sita. Watu 34 walikufa. Hollywood, inakotoka sehemu kubwa ya sinema zitazamwazo duniani, haiko mbali na hapo. Hata hivyo mtoto wa Watts alipokwenda kutazama sinema hakuona mtaa wake, wala mama yake, wala baba yake arudivyo jioni amechoka. Ni kweli kwamba Sidney Poitier, mtu mweusi, alikwisha kupata tuzo ya Oscar mwaka wa 1964; lakini ndege mmoja haujazi mti.

Wanafunzi wakadai mlango ufunguliwe, na mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikaufungua kidogo. Elyseo Taylor, mwalimu mweusi katika idara ya sinema, alisaidia kuanzisha mafunzo yaliyowaingiza vijana weusi, wenyeji wa asili wa Marekani, na wale ambao wazee wao walitoka Mexico na Asia. Baadaye akafuata mwalimu mwingine, Teshome Gabriel, mzaliwa wa Ethiopia. Basi wakakutana hapo Charles Burnett, aliyekulia Watts. Haile Gerima, kijana wa Gondar, Ethiopia. Larry Clark, Billy Woodberry, Ben Caldwell, Julie Dash, Barbara McCullough, na huyo Fanaka. Sisemi kwamba walikuwa na chama, maana sijui chama kisicho na mwenyekiti wala katiba. Hata jina la L.A. Rebellion, yaani Maasi ya Los Angeles, walipewa na mtaalamu Clyde Taylor mwaka wa 1986, wengi wao wakiwa wamekwisha kuondoka chuoni, na si wote waliolipenda.

Kazi zao zilikuwa hivi. Walitazama filamu ambazo Hollywood haikuzijali, za Cuba, za Brazil, za Ousmane Sembène wa Senegal, kisha wakabishana juu yake. Waliazima kamera za chuo. Na mmoja alipopata mkanda wa kutosha kuanza filamu yake, wengine waliacha zao wakaenda kumsaidia: huyu akashika kamera, huyu akanasa sauti, huyu akapanga taa. Burnett alishika kamera katika filamu ya Gerima iitwayo Bush Mama, na katika ile ya Fanaka, Welcome Home Brother Charles, ya mwaka wa 1975. Woodberry alipotengeneza Bless Their Little Hearts, iliyotoka mwaka wa 1984, Burnett ndiye aliyemwandikia hadithi na kumpigia picha. Waigizaji nao walizunguka vivyo hivyo. Kaycee Moore yumo katika filamu ya Burnett, katika ya Woodberry, na tena katika ya Dash. Mwanafunzi mmoja mwenye fedha zake chache asingeweza hata nusu ya kazi hiyo.

Kwenda barabarani na kamera hakukuwa mchezo. Gerima na wenzake walipokuwa wakipiga picha za Bush Mama, askari wa polisi waliwasimamisha na kuwapekua, wakiona vijana weusi wenye vyombo vya thamani. Kamera iliyanasa hayo. Gerima hakuyatupa, aliyaweka mwanzoni mwa filamu yake, na mtazamaji asiyeambiwa hudhani ni maigizo.

Filamu ninayoipenda kuliko zote ni ya Burnett, Killer of Sheep, yaani Mchinja Kondoo. Aliitengeneza miaka ya 1970 huko Watts, siku za mwisho wa juma, kwa filamu nyeupe na nyeusi ya milimita 16 na kwa fedha zisizofika dola 10,000, akaitoa chuoni mwaka wa 1977 kuwa kazi yake ya shahada. Wengi wa waigizaji ni watu wa mtaani. Stan hufanya kazi machinjioni, hapati usingizi, na mkewe hapati neno kutoka kwake. Hakuna bunduki wala mbio za magari. Siku moja Stan na rafiki yake wananunua injini ya gari iliyokwisha tumika, wanaibeba kwa taabu kushuka ngazi, wanaiweka ukingoni mwa gari la mizigo kwa kuwa wamechoka kuisukuma ndani. Gari linaondoka, injini inaanguka, inapasuka. Wanaitazama kidogo, kisha wanakwenda zao. Sijaona maelezo ya umaskini yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Hawakuwa na moyo mmoja katika kila jambo. Gerima aliamini kwamba Hollywood haifai kuigwa hata kidogo. Fanaka alitaka watu wajae katika majumba ya sinema. Akiwa bado mwanafunzi, Fanaka alimaliza filamu ndefu tatu, jambo ambalo hata walimu wengi hawajalifanya, na ya tatu, Penitentiary ya mwaka wa 1979, inayohusu mwanamasumbwi gerezani, ilipata watazamaji wengi mno. Wako waliomdharau kwa hilo. Mimi simdharau, mtu aliyejiita Fanaka alikuwa amekwisha kutangaza anachokitafuta. Naye Julie Dash, kwa Daughters of the Dust ya mwaka wa 1991, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani ambaye filamu yake ndefu ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya nchi yake kwa jumla.

Na Killer of Sheep? Burnett alikuwa ametia ndani yake nyimbo za watu mashuhuri, kama Dinah Washington na Paul Robeson, bila kununua ruhusa, kwa kuwa mwanafunzi hana fedha hizo. Kwa hiyo haikuweza kuuzwa. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiandika mwaka wa 1990 miongoni mwa filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na bado raia wa kawaida hakuwa na pa kuiona. Wahifadhi wa UCLA waliitengeneza upya, ruhusa za nyimbo zikalipiwa takriban dola 150,000, na mwaka wa 2007 ikaingia katika majumba ya sinema. Watoto wale wa Watts wanaoruka humo kutoka paa hadi paa, kamera ikiwatazama kutoka chini, walikuwa wakati huo watu wazima wa miaka arubaini na zaidi.