Guantánamo: Majaji Walipomkatalia Rais wa Vitani

Ghuba ya Guantánamo iko kusini-mashariki mwa Cuba. Marekani iliikodi mwaka 1903, ikapewa mamlaka kamili juu ya eneo hilo, huku mkataba ukitamka kwamba mwenye milki ya mwisho ni Cuba. Kodi ni dola 4,085 kwa mwaka, na kwa miongo mingi serikali ya Havana imekataa kuzichukua kwa sababu haiutambui upangaji wenyewe. Mgogoro huo wa mwenye nyumba na mpangaji haukumsumbua mtu wa mbali hadi Desemba 28, 2001, pale wanasheria wawili wa Wizara ya Sheria ya Marekani, Patrick Philbin na John Yoo, walipouandikia waraka Wizara ya Ulinzi. Kwa kuwa ardhi ni ya Cuba, walisema, yaelekea hakuna jaji wa Marekani atakayekubali malalamiko ya mgeni anayeshikiliwa hapo. Wiki mbili baadaye, Januari 11, 2002, ndege ya kwanza ilishusha wafungwa 20 wa vita vilivyofuata shambulio la Septemba 11. Kwa jumla wangefika karibu 780.

Walichokuwa wakikikwepa Philbin na Yoo ni hati ya kale ambayo mawakili wote waliorithi sheria za Kiingereza, wa Dar es Salaam na Nairobi wakiwemo, huiita kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus. Mtu akikamatwa, yeye au ndugu yake humwendea jaji. Jaji humtaka aliyemkamata amlete mtu huyo na aeleze anamshikilia kwa sheria gani, na maelezo yasipopatikana mfungwa huachiwa. Hati haiulizi kama aliyekamatwa ni mwema au mwovu. Katiba ya Marekani inaruhusu isimamishwe kwa sababu mbili tu: uasi au uvamizi, usalama wa umma unapolazimu.

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na wakati wa vita majaji wa Marekani wamempisha rais mara nyingi kuliko walivyomkatalia. Hukumu inayotajwa kwa fahari zaidi ni ya Lambdin Milligan, wakili wa Indiana aliyevipinga vita vya Rais Lincoln dhidi ya majimbo ya Kusini. Alikamatwa Oktoba 1864, akashtakiwa kwa kula njama, na jopo la maofisa wa jeshi likamhukumu kunyongwa. Indiana haikuwa uwanja wa mapambano, na mahakama za kiraia zilikuwa zikiendelea na mashauri kama kawaida. Mwaka 1866 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia hapelekwi mbele ya jeshi mahali ambapo mahakama za kiraia ziko wazi. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji David Davis, rafiki wa Lincoln aliyesimamia kampeni yake ya mwaka 1860. Ni hukumu ya kishujaa, lakini tuitazame na tarehe yake. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, na Lincoln alikuwa na karibu mwaka mzima kaburini.

Vita vikiwa bado vinawaka, mambo huwa mengine. Juni 1942 Wajerumani wanane waliotumwa kufanya hujuma walishushwa na nyambizi kwenye fukwe za New York na Florida. Rais Roosevelt aliamuru washtakiwe mbele ya jeshi. Mahakama ya Juu ilikatiza likizo yake, ikawasikiliza mawakili haraka haraka, na Julai 31 ikabariki amri ya rais. Agosti 8 sita kati yao waliuawa kwa kiti cha umeme. Maelezo kamili ya sababu za uamuzi huo yalitolewa Oktoba 29, karibu miezi mitatu tangu watu hao wazikwe.

Mwaka huohuo kijana mchomelea vyuma wa Oakland, California, Fred Korematsu, alikataa kwenda kambini. Amri ya rais ya Februari 1942 ilikuwa imefungua njia ya kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, bila yeyote kuonyeshwa kosa alilotenda. Desemba 18, 1944, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu ilisema jeshi lilikuwa na haki. Jaji Robert Jackson alipinga. Alionya kwamba jambo baya la kijeshi hupita na wakati wake, lakini jaji akishalihalalisha, kanuni yake hubaki vitabuni ikimngoja mtawala mwingine mwenye kisingizio. Ilichukua karibu miaka 40 hatia aliyotiwa Korematsu kufutwa, mwaka 1983, baada ya nyaraka kuonyesha kwamba serikali iliificha mahakama taarifa zake yenyewe. Mwaka 1988 Rais Reagan alisaini sheria ya kuomba radhi na kuwalipa waliokuwa hai dola 20,000 kila mmoja.

Kwa hiyo mashauri ya Guantánamo yalipoanza kupanda ngazi za mahakama, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika majaji wangeelekea wapi. Korematsu mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka 80, aliwasilisha hoja yake kwa maandishi kuwakumbusha majaji nini hutokea wanapolikubali neno la jeshi bila kulihoji. Alifariki Machi 2005, akiwa ameuona mwanzo wa jibu.

Mwanzo huo ulikuja Juni 28, 2004, na kuna tukio moja kabla yake ambalo halipaswi kusahauliwa. Aprili 28 mwaka huo, wakati wa kusikiliza hoja, Jaji Ruth Bader Ginsburg alitaka kujua ni nini kingeizuia serikali kuwatesa wafungwa kama mahakama haina la kusema. Wakili wa serikali alijibu kwamba serikali ya Marekani haifanyi mambo hayo. Jioni ileile televisheni ya CBS ilionyesha picha za gereza la Abu Ghraib nchini Iraki: wafungwa uchi, mbwa, na askari wa Marekani wakitabasamu.

Hukumu za Juni zilikuwa kadhaa kwa mpigo. Katika shauri la Shafiq Rasul na wenzake, majaji 6 dhidi ya 3 walisema mahakama za Marekani zinaweza kupokea maombi ya wafungwa wa Guantánamo. Waraka wa Philbin na Yoo ukawa umeanguka. Katika shauri la Yaser Hamdi, raia wa Marekani aliyezaliwa Louisiana, akakulia Saudi Arabia na kukamatwa Afghanistan, majaji wanane kati ya tisa waliikataa hoja kwamba rais anaweza kumfungia raia kwa neno lake tu, bila raia huyo kupata nafasi ya kujitetea. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba vita havimpi rais hundi isiyoandikwa kiasi panapohusika haki za raia. Serikali, badala ya kupeleka ushahidi wake mbele ya jaji, ilimrudisha Hamdi Saudi Arabia miezi michache baadaye kwa sharti la kuukana uraia. Mtu aliyeelezwa kuwa hatari mno hata asionane na wakili aliachiwa huru mara tu ilipolazimu kuthibitisha hatari yake.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Salim Hamdan, Myemeni aliyekuwa dereva wa Osama bin Laden. Jeshi lilimpangia wakili, Luteni Kamanda Charles Swift wa jeshi la majini, likitarajia mteja akiri kosa. Swift alikwenda mahakamani kumshtaki Waziri wa Ulinzi, bosi wa mabosi wake. Juni 29, 2006, kwa kura 5 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu ilisema mahakama za kijeshi alizoziunda Rais Bush zilivunja sheria za Marekani na Mikataba ya Geneva, kwa kuwa kifungu cha tatu cha mikataba hiyo kinamlinda hata mfungwa wa kundi lisilo na dola. Muda mfupi baada ya ushindi huo Swift aliarifiwa kwamba hatapandishwa cheo, na kwa kanuni za jeshi ikambidi astaafu. Ningependa jina lake lifundishwe katika kila kitivo cha sheria, kwa sababu majaji hawawezi kuamua shauri ambalo hakuna wakili aliyethubutu kulipeleka.

Bunge la Marekani halikukaa kimya. Mara mbili, mwaka 2005 na 2006, lilitunga sheria za kuwafungia wafungwa wa Guantánamo mlango wa mahakama. Ndipo ilipokuja hukumu kubwa kuliko zote, ya Lakhdar Boumediene, Mwaljeria aliyekuwa akifanya kazi na Hilali Nyekundu huko Bosnia. Alikamatwa Oktoba 2001 pamoja na wenzake watano kwa tuhuma za kutaka kulipua ubalozi wa Marekani mjini Sarajevo. Januari 2002 mahakama ya Bosnia iliamuru waachiwe kwa kukosekana ushahidi, na papo hapo wakakabidhiwa kwa Wamarekani. Huko Guantánamo Boumediene aligoma kula kwa zaidi ya miaka miwili, akilishwa kwa nguvu kwa mpira uliopitishwa puani.

Juni 12, 2008, kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba rais na wabunge hawawezi kuiwasha na kuizima Katiba wapendavyo kwa kuchagua tu mahali pa kumweka mtu. Haki ya kuuliza sababu ya kufungwa ilikuwa ya wafungwa hao kwa mujibu wa Katiba yenyewe, na sheria ya Bunge iliyowanyima haikufaa. Shauri likarudi kwa Jaji Richard Leon, aliyeteuliwa na Bush, ambaye mwaka 2005 alikuwa amewakatalia watu haohao. Safari hii alidai ushahidi. Tuhuma ya ubalozi serikali ilikuwa imeshaiacha kimyakimya, na iliyobaki ilisimama juu ya mtoa habari mmoja asiyetajwa jina. Novemba 20, 2008, Leon aliamuru watano kati ya sita waachiwe. Boumediene alifika Ufaransa Mei 2009, miaka saba na nusu tangu akamatwe.

Wapo wanaosimulia historia hii na kuishia hapo, kana kwamba mlango ulikwisha funguka. Haukufunguka hivyo. Mahakama ya rufaa ya Washington ilianza kuziamini ripoti za kijasusi za serikali hata pale majaji wa chini walipozitilia shaka, na Mahakama ya Juu ikaacha iwe hivyo. Adnan Latif wa Yemen aliamriwa aachiwe na jaji mwaka 2010, amri ikatenguliwa 2011, na Septemba 2012 akafia gerezani Guantánamo. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa Februari 2007 alirudishwa Kenya Desemba 2024 bila kufunguliwa shtaka hata moja. Januari 2025 Wayemeni 11 walipelekwa Oman, na gerezani wakabaki wafungwa 15.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuufuatilia mjadala huu, na haitokani na huruma kwa wafungwa peke yake. Agosti 7, 1998, mabomu kwenye balozi za Marekani yaliwaua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao Waafrika waliokuwa wakienda kazini. Washtakiwa wanne walipelekwa mahakama ya kawaida mjini New York, wakatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha Oktoba 18, 2001, wiki tano baada ya shambulio la Septemba 11, katika mji uleule. Wa tano, Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo. Mwaka 2009 alihamishiwa New York, mfungwa pekee wa Guantánamo aliyepata kushtakiwa katika mahakama ya kiraia. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, Mtanzania aliyesemekana kumuuzia baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia Ghailani kwa mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja. Hilo moja lilitosha: Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha, na rufaa yake ikashindwa.

Wanasiasa wa Washington waliita matokeo hayo fedheha, na Bunge likapiga marufuku kumleta mfungwa mwingine yeyote wa Guantánamo katika ardhi ya Marekani, hata kwa kesi. Mimi naona walisoma kinyume. Mahakama ile ilikataa ushahidi uliotokana na mateso, ikafuata taratibu zake zote, na bado ikawapa wafiwa wa Nairobi na Dar es Salaam hukumu iliyosimama. Khalid Sheikh Mohammed, anayeshutumiwa kuwa mpangaji mkuu wa Septemba 11, alikamatwa Machi 2003 na kuwekewa mahakama ya kijeshi. Zaidi ya miaka 20 imepita, na familia za watu karibu 3,000 waliouawa siku ile bado hazijaiona kesi yake ikisikilizwa.