Kusakinisha Gazebo kutoka msimbo chanzo

Kusakinisha Gazebo kutoka msimbo chanzo ni kazi ya kuijenga programu ya Gazebo ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, kwa kutumia msimbo ulioandikwa na waundaji wake, badala ya kupakua programu iliyokwisha kuandaliwa. Gazebo ni programu huria ya kuigiza roboti. Kwa msaada wake roboti huweza kutembea, kubeba mzigo au kugonga ukuta kwenye skrini kabla roboti halisi haijaundwa wala kuwashwa. Makala hii inahusu hasa usakinishaji kwenye Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Linux.

Historia

Gazebo ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani na Andrew Howard pamoja na mwanafunzi wake Nate Koenig. Mwaka 2009 iliunganishwa na ROS, mfumo wa programu za roboti uliokuwa ukiendelezwa na kampuni ya Willow Garage. Kuanzia mwaka 2012 ilisimamiwa na Open Source Robotics Foundation. Mwaka 2013 ilitumika katika shindano la DARPA ambapo timu ziliongoza roboti ya kuigizwa ya aina ya Atlas.

Baadaye programu iliandikwa upya kwa jina la Ignition, lakini mwaka 2022 jina la Gazebo likarudishwa. Ile ya zamani sasa huitwa Gazebo Classic, na matengenezo yake yalikoma Januari 2025. Mabadiliko haya huwachanganya wanafunzi wengi: maelekezo yanayotumia amri ya gazebo ni ya Classic, yanayotumia ign gazebo ni ya wakati wa Ignition, na ya sasa hutumia gz sim. Anayechanganya maelekezo ya nyakati tofauti hawezi kufanikiwa.

Sababu za kutumia msimbo chanzo

Kwa matumizi ya kawaida, kifurushi kilichokwisha kujengwa kinatosha na ni rahisi zaidi. Msimbo chanzo unahitajika pale mtumiaji anapotaka kurekebisha kosa, kuongeza kihisi kipya, au kupata marekebisho ambayo bado hayajaingizwa katika vifurushi. Leseni ya Apache 2.0 inamruhusu kufanya hivyo na pia kuwagawia wengine kazi yake.

Muundo

Gazebo ya sasa si programu moja bali ni mkusanyiko wa maktaba zinazotegemeana. Miongoni mwake ni gz-math kwa hesabu, gz-physics kwa nguvu na migongano, gz-rendering kwa picha, gz-sensors kwa vihisi, na gz-sim inayoziunganisha zote. Maktaba ya sdformat husoma faili za SDF zinazoeleza roboti na mazingira yake. Kwa sababu ya kutegemeana huko, maktaba hujengwa kwa mpangilio maalumu, na matoleo yake lazima yalingane.

Hatua za usakinishaji

Mfano ufuatao ni wa toleo la Harmonic, lililotolewa mwaka 2023, kwenye Ubuntu 22.04 au 24.04.

1. Kusakinisha zana: git ya kupakua msimbo, vcstool ya kushughulikia hazina nyingi kwa pamoja, na colcon ya kuongoza ujenzi. Inahitajika pia kompaila ya lugha ya C++ pamoja na CMake.

2. Kutengeneza folda ya kazi kwa amri mkdir -p ~/workspace/src, kisha kuingia ndani ya src.

3. Kupakua faili ya collection-harmonic.yaml inayotaja kila maktaba na tawi lake, kisha kutoa amri vcs import < collection-harmonic.yaml.

4. Kusakinisha mahitaji. Maktaba huwa na faili ya packages.apt inayoorodhesha vifurushi inavyovitegemea. Majina ya gz na sdf huondolewa katika orodha hiyo, kwa kuwa maktaba hizo ndizo zitakazojengwa.

5. Kurudi kwenye folda ya workspace na kuanza ujenzi kwa amri colcon build --merge-install. Anayetaka kuokoa muda huongeza --cmake-args -DBUILD_TESTING=OFF ili majaribio yasijengwe.

6. Kutoa amri . ~/workspace/install/setup.bash, kisha gz sim shapes.sdf. Dirisha lenye maumbo machache likifunguka, kazi imekamilika.

Kwenye macOS mahitaji hupatikana kwa njia ya Homebrew. Huko sehemu mbili za programu huendeshwa katika madirisha mawili ya amri: gz sim -s kwa uigizaji na gz sim -g kwa picha.

Matatizo ya kawaida

Tatizo linalowapata wenye kompyuta ndogo ni kuishiwa kumbukumbu. Kwa kawaida colcon hujenga maktaba kadhaa kwa wakati mmoja, na kompyuta inaweza kuganda au ujenzi kukatika. Dawa yake ni kujenga moja baada ya nyingine kwa amri MAKEFLAGS="-j1" colcon build --executor sequential --merge-install. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini itafika mwisho.

Tatizo la pili ni amri ya gz kutopatikana baada ya kufungua dirisha jipya. Hii si dalili ya ujenzi kuharibika. Amri ya setup.bash hutolewa upya katika kila dirisha.

Tatizo la tatu ni kuwa na Gazebo ya vifurushi na ya msimbo chanzo katika kompyuta moja. Programu inaweza kuchukua maktaba ya toleo lisilo lake na kusimama ghafla. Inashauriwa kubaki na moja tu.

Kuondoa

Kila kilichojengwa hukaa ndani ya folda ya workspace. Hivyo kufuta folda hiyo kunaiondoa Gazebo bila kugusa mfumo wa kompyuta, jambo linalompa mwanafunzi nafasi ya kujaribu, kukosea na kuanza upya.